Fedha Zifike Kabla ya Maji

Kabla ya mafuriko ya mwaka 2000, serikali ya Msumbiji iliwaendea wafadhili na ombi dogo. Ilitaka dola milioni 2.7 za kujiandaa kwa msimu wa mvua uliokuwa ukitabiriwa kuwa mkubwa. Ilipata chini ya nusu. Februari mto Limpopo ulipasua kingo zake, kimbunga Eline kikaja kuongeza maji juu ya maji, miji ya Chókwè na Xai-Xai ikazama, watu wapatao 700 wakafa na zaidi ya nusu milioni wakabaki bila makazi. Hapo ndipo mikoba ilipofunguka. Msaada wa dharura ulifika takriban dola milioni 100, na mwezi Mei, katika mkutano wa wafadhili uliofanyika Roma, Msumbiji iliomba dola milioni 450 za kujijenga upya ikaahidiwa milioni 450 na ushee. Ni nadra nchi kutoka kwenye mkutano wa aina hiyo ikiwa imeahidiwa yote iliyoomba.

Kisa hicho husimuliwa kama ushahidi wa ukarimu wa dunia, na kwa upande mmoja ni kweli. Lakini ziweke hesabu mbili hizo pamoja. Mlango ule ule uliokataa kutoa milioni 2.7 kamili ulitoa, au angalau uliahidi kutoa, mara mia mbili yake miezi michache baadaye. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kudai kwamba milioni 2.7 zingelizuia Limpopo kufurika. Zingeliweza hata hivyo kuweka boti mahali panapotakiwa. Katika uokoaji wa mwaka ule watu zaidi ya 45,000 walitolewa juu ya mapaa na miti, na ingawa televisheni za dunia zilionyesha helikopta, wengi wao waliokolewa kwa boti, nyingi zikiendeshwa na Wamsumbiji wenyewe. Helikopta za Afrika Kusini zilifanya kazi kubwa tangu mapema. Za kutoka Ulaya zilitua wakati sehemu kubwa ya uokoaji imekwisha. Boti ndiyo iliyokuwa ya bei nafuu, ndiyo iliyookoa wengi zaidi, na ndiyo ambayo hakuna aliyetaka kuilipia mapema.

Ninachodai katika makala haya ni kwamba nchi iliyokumbwa na mafuriko, inapokwenda kuomba msaada wa kujijenga, hupoteza nguvu nyingi kupigania kiasi, ilhali kinachoamua hatima ya watu wake ni wakati fedha zinapofika na sura zinayofika nayo. Bilioni moja inayoanza kuingia baada ya miaka miwili kwa njia ya mkopo ni kitu tofauti kabisa na milioni kumi zilizokwishawekwa benki na kukubaliwa masharti yake kabla wingu halijatanda. Mawaziri wetu wa fedha wanalijua hilo vizuri. Wanapokwenda kwenye mikutano, hata hivyo, wanapimwa kwa tarakimu moja itakayochapishwa kesho yake kwenye magazeti, na tarakimu hiyo ni jumla ya ahadi.

Tuangalie jinsi tarakimu hiyo inavyopikwa. Baada ya maji kupungua, wataalamu wa serikali pamoja na Benki ya Dunia, Umoja wa Ulaya na mashirika ya Umoja wa Mataifa huzunguka kuhesabu madaraja, madarasa, zahanati, hekta za mazao na nguzo za umeme, kisha hutoa tathmini ya hasara na mahitaji. Kazi hiyo ni ya lazima, na hufanywa kwa uangalifu. Ikikamilika, unaitishwa mkutano. Kila mjumbe husimama, hutoa pole, hutaja kiasi. Ndani ya kiasi hicho kunaweza kuwa na fedha za mradi uliokuwa umesainiwa zamani na sasa umebadilishwa jina, mkopo ambao nchi ingeuomba hata bila mafuriko, na ruzuku halisi. Vyote hujumlishwa pamoja. Pakistan ilipopigwa na gharika ya mwaka 2022, iliyoua watu zaidi ya 1,700 na kuwagusa wengine milioni 33, tathmini yake ilisema ujenzi ungehitaji dola bilioni 16.3. Mkutano wa Geneva wa Januari 2023 ulitoa ahadi za zaidi ya bilioni 9, na magazeti ya Islamabad yakaandika ushindi. Sehemu kubwa mno ya ahadi hizo ilikuwa mikopo ya miradi kutoka Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, Benki ya Dunia na benki nyingine za maendeleo, ya kutolewa kwa miaka kadhaa, kwa nchi ambayo wakati ule ule ilikuwa ikihangaika isishindwe kulipa madeni yake ya nje.

Msumbiji yenyewe ilirudi kwenye meza hiyo mwaka 2019. Usiku wa Machi 14 kimbunga Idai kilitua karibu na Beira, na mito ya Búzi na Púnguè ikatapakaa hadi bonde zima likaonekana kama bahari kwenye picha za setilaiti. Msumbiji peke yake ilizika watu zaidi ya 600. Wiki sita baadaye, kabla hata matope hayajakauka, kimbunga Kenneth kikaipiga Cabo Delgado, pwani inayopakana na Mtwara, ambako Kimwani na Kiswahili vinasikika sokoni. Tathmini ikatoa jibu la dola bilioni 3.2. Mkutano wa wafadhili ulifunguliwa Beira kwenyewe Mei 31, na ahadi zikafika bilioni 1.2. Watu wengi walilalamikia pengo la bilioni mbili, na lilistahili kulalamikiwa. Mimi ningetaka tutazame tarehe. Kati ya Machi 14 na Mei 31 ni wiki kumi na moja. Idai kiliharibu zaidi ya hekta 700,000 za mazao yakiwa yamekaribia kuvunwa, na katika mabonde yale msimu wa pili wa kupanda huanza Aprili, unyevu ukiwa bado ardhini. Mkulima aliyepoteza mahindi Machi alihitaji mbegu na jembe Aprili. Mkutano wa Mei, hata kama ungejaza bilioni zote 3.2, ungekuwa unazungumzia shamba ambalo wakati wake wa kupandwa umeshapita.

Katika maafa yale yale kuna jambo moja lililokwenda mwendo mwingine, na linanishawishi kuliko hoja zote za nadharia. Kipindupindu kilithibitishwa Beira Machi 27. Aprili 2 dozi 900,000 za chanjo ya matone zilikuwa zimeshatua, na kesho yake watu wakaanza kuchanjwa. Katika siku chache watu zaidi ya 800,000 walikuwa wamepata. Wagonjwa walipita 6,000. Waliokufa, kwa takwimu rasmi, walikuwa wanane. Katika mji wenye mifereji iliyoziba na visima vilivyochanganyika na maji ya vyoo, mtu angetarajia mamia. Kasi ile ilitoka wapi? Chanjo hizo zilikuwa ghalani. Ipo akiba ya kimataifa ya chanjo ya kipindupindu, imeshalipiwa, na utaratibu wa kuitoa ulikuwa umeandikwa miaka mingi nyuma: nani anaomba, nani anaidhinisha, kwa vigezo gani. Hakuna waziri aliyelazimika kusimama Roma au Geneva kuomba hisani, na hakuna balozi aliyelazimika kupiga simu kwao kuuliza kama bajeti inaruhusu. Madaktari na wauguzi wa Beira walifanya kazi kwa sababu swali la fedha lilikuwa limeshajibiwa kabla ya mgonjwa wa kwanza.

Kwa nini basi mbegu haziwekwi hivyo? Au fedha za kuwahamisha watu? Methali ya ufa na ukuta tumeisikia kwenye kila warsha ya maafa; asichosema yeyote ni nani ananunua udongo wa kuzibia. Jibu la kawaida ni kwamba mpiga kura wa Ulaya hutoa anapoona picha ya mtoto juu ya mti, na hakuna picha ya mafuriko ambayo hayajatokea. Hilo ni kweli kwa mchango wa mtu mmoja mmoja. Halielezi tabia ya serikali na benki, ambazo hulipia kila mwaka mambo yasiyo na picha, kuanzia majeshi yasiyopigana hadi dhamana za mikopo. Ziko sampuli tayari. Julai 2020, utabiri ulipoonyesha kwamba mto Jamuna nchini Bangladesh ungefurika, mfuko mkuu wa dharura wa Umoja wa Mataifa uliachia dola milioni 5.2 kabla maji hayajafika kileleni, kwa sababu kizingiti kilikuwa kimekubaliwa mapema. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilituma taka 4,500, sarafu ya nchi hiyo, kwa kila familia iliyolengwa, kwa njia ya simu. Watafiti waliofuatilia waliwalinganisha waliopokea na wenzao ambao hawakuzipata, na wakakuta waliopokea walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kushinda siku nzima bila kula wakati wa mafuriko. Taka 4,500 ni kama dola 53. Fedha hizo hazijengi daraja. Zinanunua mchele na nauli ya kuvuka kwenda upande wa juu, na kwa siku ile ndicho kilichohitajika.

Msumbiji nayo ina ushahidi wake wa nyumbani. Baada ya aibu ya mwaka 2000 iliijenga upya taasisi yake ya maafa, ikaweka mpango wa tahadhari wa kila mwaka, ikafanya mazoezi. Wilayani Búzi wanavijiji waliofundishwa walianza kusoma kina cha mto kwenye nguzo zenye alama za rangi na kupeleka taarifa kwa redio. Kwenye pwani bendera ya bluu ikawa na maana ya kimbunga ndani ya siku mbili, ya njano ndani ya siku moja, nyekundu ndani ya saa sita. Ukitazama gharama ya vitu hivyo utashangaa: betri, rangi, baiskeli, posho ndogo. Mwaka 2007 Zambezi ilipofurika, zaidi ya watu 100,000 walihamishwa, vifo vikahesabika kwa makumi badala ya mamia, na serikali haikutoa ombi rasmi la msaada wa kimataifa. Ilipokea msaada, naam, lakini ilikuwa ikiongoza kazi yenyewe. Si haki kulinganisha moja kwa moja, maana Zambezi ya 2007 haikupanda ghafla kama Limpopo ya 2000, na mwaka 2019 maji ya Idai yaliizidi mifumo yote hiyo. Tahadhari ilitolewa siku chache kabla, na bado mamia walikufa. Naikubali hoja hiyo, ila naisoma hivi: onyo lilifika, uwezo wa kuwahamisha watu wote waliopaswa kuhama haukufika nalo.

Pingamizi zito zaidi ni la wizi. Nani atakayekabidhi fedha mapema kwa serikali iliyowahi kuficha madeni ya dola bilioni mbili? Kati ya 2013 na 2014 kampuni tatu za umma za Msumbiji zilikopa fedha hizo kwa dhamana ambayo bunge halikuidhinisha, sehemu yake ikipita kwenye mradi wa boti za kuvua jodari. Siri ilipofichuka mwaka 2016, Shirika la Fedha la Kimataifa na wafadhili wakuu walisimamisha msaada wa moja kwa moja kwenye bajeti; aliyekuwa waziri wa fedha, Manuel Chang, alipatikana na hatia katika mahakama ya New York mwaka 2024. Idai kilikuta uhusiano huo umevunjika. Ndiyo maana fedha nyingi zilipita kando ya hazina, kwa mashirika, na msaada wa haraka uliopatikana kwa serikali kutoka Shirika la Fedha ulikuwa mkopo wa dola milioni 118.2, usio na riba lakini wa kulipwa, kwa nchi ambayo tayari ilikuwa imezama kwenye madeni. Mtu anayetaka kujua bei ya ufisadi asiangalie tu zile bilioni mbili. Aangalie pia masharti ambayo mwathirika wa Búzi alipewa kwa makosa yaliyofanyika ofisini Maputo.

Hata hivyo pingamizi hili linageuka upande wa pili likichunguzwa. Fedha huibiwa kirahisi zaidi pale taratibu za manunuzi zinaposimamishwa kwa sababu ya dharura, bei zinapopaa, orodha za wahitaji zinapoandikwa usiku mmoja na kiongozi wa mtaa. Mwaka 2019 shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch liliripoti wanawake waliolazimishwa kutoa ngono ili waandikwe kwenye orodha ya chakula. Hivyo ndivyo dharura inavyoonekana kwa karibu. Fedha iliyopangwa mapema ina orodha iliyoandikwa kwa utulivu, ina bei zilizozabuniwa wakati wa kiangazi, ina kigezo ambacho mtu yeyote mwenye simu anaweza kukihakiki: mto umefika mita kadhaa au haujafika. Mkaguzi ana kitu cha kushika. Mfadhili anayeogopa wizi na hapo hapo akasubiri maafa ndipo atoe, amechagua mazingira yanayompendeza mwizi.

Ziko kasoro ambazo sina jibu rahisi kwazo. Vigezo hukosea. Malawi ilikata bima ya ukame kwa taasisi ya Umoja wa Afrika ya kukabiliana na majanga, na msimu wa 2015/16 njaa ilipoingia, kompyuta ikasema hakuna cha kulipa, kwa sababu mahesabu yalidhani wakulima wamepanda aina ya mahindi ya muda tofauti na waliyopanda kweli. Kosa lilisahihishwa na dola milioni 8.1 zikalipwa, ila mapema 2017, njaa ikiwa imeshafanya kazi yake. Fundisho ninalolipata hapo ni la kiufundi: vigezo visitungwe na wataalamu wa mbali pasipo bwana shamba wa wilaya, na bima isiwe mfuko pekee. Akiba ya fedha taslimu kwa maafa madogo ya kila mwaka, mkopo wa tahadhari kwa ya kati, bima kwa makubwa ya nadra. Kosa la chombo kimoja lisiwe njaa ya taifa.

Wapo pia wanaosema kwamba hoja yangu inamwachia mkosaji. Msumbiji haikujaza anga kwa moshi. Kwa nini iambiwe ijiwekee akiba na ilipe bima dhidi ya joto lililozalishwa na wengine? Wana haki, na ndiyo maana neno ruzuku linapaswa kuwa juu ya kila ombi. Lakini haki isiyo na tarehe ya malipo haijengi nyumba. Mfuko wa hasara na uharibifu ulikubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022, na ulipozinduliwa Dubai mwaka uliofuata ahadi za dunia nzima zilikuwa kama dola milioni 700. Tathmini ya Msumbiji peke yake, kwa vimbunga viwili vya mwaka mmoja, ilikuwa bilioni 3.2; ahadi zote hizo hazikufika robo yake. Anayedai fidia kutoka kwenye mfuko mdogo hivyo afadhali adai kwanza kile kinacholeta tofauti kubwa kwa kila dola: mchango wa bima ulipwe na walioharibu hali ya hewa, akiba ijazwe nao, nchi isimamie. Madaraja yatabaki kuhitaji bilioni, na kwa hayo mikutano itaendelea. Sijapendekeza ifutwe.

Kwetu Afrika Mashariki suala hili halitoki Msumbiji tu. Aprili 2024 serikali ya Burundi pamoja na Umoja wa Mataifa walitoa ombi la msaada baada ya Ziwa Tanganyika na mto Rusizi kufurika hadi ndani ya vitongoji vya Bujumbura; wakati ule ule Kenya ilikuwa ikizika watu wa Mai Mahiu, na Rufiji ilikuwa chini ya maji. Kenya ilikubaliwa na Benki ya Dunia mwaka 2018 mkopo wa kukaa tayari wa dola milioni 200, wa kuchotwa maafa yakitangazwa. Ni chombo kizuri kwa wakati, kibaya kwa sura, maana ni deni. Burundi ilikuwa na barua ya ombi, ikiandikwa watu wakiwa tayari kwenye mahema.

Sheria ya Msumbiji ya mfuko wa maafa, ulioanzishwa 2017, inaitaka serikali iweke humo kila mwaka walau asilimia 0.1 ya bajeti ya taifa. Ni kidogo, lakini ni fedha ya wananchi na ina kifungu chake. Nchi yoyote ya ukanda huu ingeweza kufanya hivyo bajeti ijayo, kisha katika mkutano wake wa wafadhili, pembeni ya orodha ndefu ya barabara na shule, iweke sharti moja la kuanzia mazungumzo: kila shilingi tunayoitia kwenye mfuko huu, nanyi mtie tano za ruzuku, zikae benki, zitoke kwa kipimo cha mto tulichokubaliana, na hesabu zake zichapishwe kila robo mwaka. Wajumbe watakaokataa watalazimika kueleza mbele ya watu kwa nini wako radhi kutoa zaidi, na baadaye.